Fremu, Manukuu na Maana: Ubadilishaji wa Viwango vya Video na Tafsiri ya Kiswahili

Utangulizi

Tafsiri ya filamu ni uwanja ambao wanafunzi wengi wa Kiswahili huuingia kwa matumaini makubwa na maandalizi haba. Hufunzwa kulinganisha lugha mbili, kusaka visawe na kuhifadhi mtindo. Ni nadra kufunzwa kwamba kazi yao itapitia mikononi mwa mhariri wa video, na kwamba mhariri huyo aweza kuiharibu pasipo kugusa hata neno moja. Makala hii inachunguza jinsi viwango vya video vinavyobadilishwa wakati wa kuhariri na kuwasilisha filamu, na athari za mabadiliko hayo kwa manukuu ya Kiswahili, yaani maandishi ya tafsiri yatokeayo chini ya picha.

Asili ya tofauti

Filamu ya sinema huonyeshwa kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, desturi iliyoimarika sauti ilipoingia katika filamu mwishoni mwa miaka ya 1920. Runinga haikufuata desturi hiyo. Ilifuata umeme wa nchi husika. Marekani, yenye umeme wa hezi 60, iliidhinisha mwaka 1941 picha ya mistari 525 na fremu 30 kwa sekunde. Rangi zilipoongezwa mwaka 1953 chini ya kiwango cha NTSC, kasi ilipunguzwa hadi takribani fremu 29.97 ili ishara ya rangi isivurugane na ya sauti. Ulaya, yenye umeme wa hezi 50, ilishika fremu 25, na hatimaye mistari 625. Kiwango cha PAL, kilichobuniwa na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, kilianza kurushwa hewani Ujerumani Magharibi na Uingereza mwaka 1967. SECAM ya Ufaransa ilitofautiana nacho hasa katika namna ya kubeba rangi.

Kenya ilitumia PAL hadi mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015. Mawimbi yale yametoweka, lakini hesabu ya 25 ingali hai: runinga ya dijitali katika nchi zilizotumia PAL bado hujengwa juu ya 25 na 50.

Njia mbili za kuvuka

Filamu ya fremu 24 ikitakiwa kwenda Marekani, hupunguzwa kasi kidogo hadi 23.976, kisha fremu zake hugawanywa katika nusu-fremu kwa zamu: moja hutoa nusu mbili, inayofuata hutoa tatu. Fremu nne za sinema huzaa tano za video. Muda wa filamu karibu haubadiliki, ingawa mwendo wa kamera huonekana kukwamakwama.

Ikitakiwa kuja kwenye nchi za PAL, njia iliyozoeleka ni sahili mno: fremu zile zile 24 huchezwa kana kwamba ni 25. Filamu ya dakika 100 humalizika kwa dakika 96, na sauti za waigizaji hupanda kwa kiasi kisichofikia nusu toni zisiporekebishwa. Mtazamaji wa kawaida hahisi lolote. Manukuu ndiyo yanayohisi.

Manukuu yanapochelewa

Chukulia mtarajumi aliyepewa nakala ya fremu 24, akaandika manukuu yake kwa uangalifu, kisha yakapachikwa kwenye nakala iliyoharakishwa hadi 25. Mwanzoni yote yanaonekana sawa. Maneno yaliyopangwa kutokea dakika ya kumi sasa yanachelewa kwa sekunde 24. Yale ya saa moja yanachelewa kwa dakika mbili na sekunde 24. Mhusika anacheka ilhali chini yake kuna maandishi ya kilio cha mwenzake wa onyesho lililopita. Mtazamaji hatamlaumu mhariri, kwa kuwa hajui kuwa yupo. Atasema Kiswahili cha filamu hiyo ni kibovu.

Dawa ni kuzidisha kila wakati katika faili la manukuu kwa 0.96. Hata hivyo, si kila nakala ya fremu 25 imeharakishwa. Nyingine zimepitia mtambo unaokisia fremu mpya kati ya zilizopo na kuuacha muda kama ulivyokuwa. Anayezidisha bila kupima urefu wa nakala zote mbili huenda akazua kosa pale ambapo halikuwapo.

Kingo za skrini

Hasara iliyo mbaya zaidi kwa Kiswahili hutokea pembeni mwa picha. Picha pana ya uwiano wa 16:9 inapokatwa ili kujaza skrini ya 4:3, robo ya upana wake hupotea, nusu ya hasara hiyo ikiwa upande wa kushoto. Kama manukuu yalikwisha kuchomwa ndani ya picha, mistari mirefu hukatwa pamoja nayo.

Katika Kiingereza, mtazamaji aliyenyimwa herufi mbili za mwanzo mara nyingi hulikisia neno. Kiswahili hubeba ukanushi, nafsi na wakati mwanzoni mwa kitenzi. “Hatukubali” ikipoteza “ha” inabaki “tukubali”, neno kamili, lenye sarufi safi na maana iliyo kinyume. Hakuna kitakachomtahadharisha mtazamaji kwamba pana kosa. Hii ndiyo sababu kuu ya mtarajumi kukataa manukuu yake yachomwe kwenye nakala mama: nakala hiyo ibaki safi, na manukuu yakae katika faili lake hadi umbo la mwisho la picha lijulikane.

Isitoshe, kuna suala la muda wa kusoma. Nukuu ya sekunde mbili hubaki na sekunde 1.92 baada ya kuharakishwa. Wapo wanaoweka kikomo cha nukuu kwa idadi ya maneno, kanuni iliyotungwa kwa lugha nyingine. “Hawakutuambia” ni neno moja lenye herufi 13 na linabeba sentensi nzima. Ni heri kuhesabu herufi.

Kulitambua kosa

Mtarajumi hahitaji mitambo ya bei ghali ili kugundua tatizo. Atazame nukuu tatu: ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Iwapo zote zimechelewa kwa kiasi kimoja, kasi haina hatia. Yamkini nembo ya msambazaji iliongezwa kabla ya onyesho la kwanza, na inatosha kuyasogeza manukuu yote kwa pamoja. Iwapo pengo linakua, kasi zimetofautiana. Pengo la sekunde 3.6 tu kwa kila saa huashiria mkanganyiko wa 24 na 23.976, au wa 30 na 29.97. Hilo ndilo gumu kulinasa, kwani dakika kumi za mwanzo, ambazo aghalabu ndizo pekee zinazokaguliwa, huwa hazijapotoka hata kwa sekunde moja.