Ziara ya Darasa katika Chumba cha Maziko cha Kale: Mfano kutoka Kisiwa cha Møn

Wanachuo wetu wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tunasoma katika maandalio yao ya somo maneno haya: "Wanafunzi watatembelea mahali pa kale na kujionea historia." Ni maneno mema. Lakini tukifuatana nao siku ya ziara, aghalabu tunaona watoto wamepangwa mistari, mwalimu anasoma kibao kilichowekwa mlangoni, watoto wananakili, kisha wote wanageuka kurudi shuleni. Kibao hicho kingeweza kunakiliwa ubaoni bila mtu kuchosha miguu yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza ziara moja tuliyoishuhudia tulipokuwa masomoni nchini Denmark, pamoja na kosa tulilolifanya sisi wenyewe siku hiyo, ingawa tulikuwa tumekwisha kufundisha ualimu kwa miaka kadhaa.

Møn ni kisiwa kilichoko kusini-mashariki ya Denmark. Katika sehemu yake ya magharibi, kati ya mashamba, pana tuta kubwa la udongo lililoota majani, liitwalo Kong Asgers Høj, yaani Kilima cha Mfalme Asger. Mpita njia asiyejua angedhani ni kilima kama vilima vingine. Ndani yake mna chumba cha mawe makubwa kilichojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 500 kabla ya piramidi kubwa ya Giza. Ujia mwembamba wa mita 8 hivi unapenya tutani, na mwisho wake unakutana na chumba kilichokingama, chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 2 hivi, hata ramani yake inafanana na herufi T. Waliokijenga walikuwa wakulima na wafugaji. Walilima ngano na shayiri, walichunga ng'ombe, na zana zao zilikuwa za gumegume, mbao na mifupa, kwa kuwa chuma hawakukijua. Mawe yenyewe hawakuyachimba mlimani. Yalisukumwa na barafu kuu ya kale kutoka kaskazini, nayo barafu ilipoyeyuka iliyaacha yametapakaa ardhini.

Tulifuatana na darasa la watoto wa miaka 10 na 11. Mwalimu wao aliwasimamisha mbali kidogo na tuta, wala hakusema kwamba ni kaburi. Kila kikundi cha watoto wanne kilipewa tochi, karatasi, na kamba iliyofungwa mafundo kila baada ya mita moja. Aliwaambia: "Ingieni, pimeni, kisha mje mniambie mahali hapa palijengwa kwa kazi gani. Atakayetoa jibu atoe na sababu yake." Basi.

Watoto waliingia kwa kuinama, mmoja nyuma ya mwingine. Mtoto mmoja aliogopa giza akabaki nje. Mwalimu hakumshurutisha wala hakumwacha akae bure, bali alimpa kazi ya kupima mzingo wa tuta kwa hatua zake, na kipimo hicho kikahitajiwa baadaye na darasa zima. Tunaomba wanachuo walitazame jambo hili kwa makini, maana katika kila darasa yumo mtoto wa namna hiyo.

Walipotoka, majibu yalikuwa mengi. Wako waliosema ni ghala, wengine nyumba, na mmoja akasema ni gereza. Mwalimu hakumcheka yeyote. Aliuliza tu: "Umeona nini kinachokufanya useme hivyo?" Aliyesema nyumba aliulizwa na wenzake moshi ulitokea wapi, na kwa nini mtu ajenge nyumba ambayo kila siku ataiingia kwa kuinama. Jibu la kaburi lilitoka kwa watoto wenyewe, baada ya mengine kushindwa. Hapo ndipo mwalimu alipoeleza kwamba katika vyumba vya namna hii imepatikana mifupa ya watu wengi, wa vizazi mbalimbali, imechanganyika. Pamoja nayo shoka za gumegume, vyungu na shanga za kaharabu. Vyungu vingine huonekana nje ya mlango, palipowekwa sadaka.

Kisha likaja swali la mawe, na hapa ndipo tulipokosea. Mtoto mmoja alitugeukia akatuuliza, kwa kuwa tulikuwa wageni na watu wazima, ni nani aliyeweza kuinua mawe yale ya paa. Kwa furaha ya kuulizwa, tulijibu papo hapo yote tuliyokuwa tumeyasoma usiku uliotangulia: magogo, nyenzo, miinamo ya udongo. Mtoto akasema ahsante, akafunga daftari. Wenzake nao wakafunga. Swali ambalo lingewafikirisha nusu saa tulikuwa tumeliua kwa dakika moja. Mwalimu wao alitutazama kwa upole bila kusema neno, nasi tulitahayari.

Alilifufua kwa hesabu. Aliwaonyesha jiwe moja lililo wazi, wakalipima: mita 2 kwa mita 1 na nusu kwa mita 1, yaani meta za ujazo 3. Meta moja ya ujazo ya jiwe la itale ina uzito wa kilo 2,700 hivi. Jiwe lile, basi, lina kilo 8,100, sawa na ng'ombe 16 wakubwa wenye kilo 500 kila mmoja, na bado hubaki kilo 100. Mawe ya paa ya makaburi haya yako yanayozidi hata tani 10. Watoto walilitazama jiwe upya.

Wadenmark wa zamani, walipoona uzito huo, waliyasingizia majitu. Mwanzoni mwa karne ya 13 mwandishi wao Saxo Grammaticus aliyataja mawe haya kuwa ushahidi kwamba majitu yaliwahi kuishi nchini humo, na hata leo kaburi la aina hii huitwa kwa Kidenmark jættestue, yaani chumba cha majitu. Mfalme Frederik wa Saba hakuridhika na hadithi hiyo. Yeye alichunguza makaburi mwenyewe, na mwaka 1857 yalichapishwa maandishi yake juu ya namna watu wa kale walivyoweza kuyajenga. Mwanachuo ataona kwamba jitu ni jibu la mtu aliyechoka kuuliza. Nasi tulipomjibu yule mtoto kwa haraka, tofauti yetu na msimulizi wa majitu ilikuwa ndogo, ijapokuwa jibu letu lilikuwa sahihi.

Kesho yake tulikwenda shuleni kwao. Uwanjani palikuwa na jiwe ndani ya gunia lililofungwa kamba, mizani ya kamani, na fito nene za mviringo. Watoto walilivuta gunia juu ya udongo mtupu, wakasoma mizani. Kisha wakatandika ubao juu ya fito, wakaweka gunia juu yake, wakavuta tena. Wakaandika tofauti ya vipimo viwili. Jaribio hili halihitaji safari wala fedha nyingi, na shule yoyote yaweza kulifanya. Pasipo mizani, mwalimu ahesabu watoto wanaotosha kulivuta gunia kwa kila njia. Lakini atakayetaka kuwapeleka wanafunzi wake kwenye makaburi ya mahali pake, sharti kwanza awaendee wazee na wenye mahali hapo, aombe ruhusa, aulize yasiyopasa kuguswa. Huko Denmark sheria ya mwaka 1937 iliyalinda makaburi ya kale yote yanayoonekana, baada ya mengi kuvunjwa ili mawe yake yajengee barabara na majumba.

Limebaki jambo moja ambalo halikuwamo katika andalio la mwalimu yule. Pale tutani, wenzake walipokuwa wakibishana juu ya tani, msichana mmoja ambaye nyanya yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma aliuliza: "Waliosogeza mifupa ya zamani ili kumweka maiti mpya, walijua ni ya nani?" Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia kwamba yeye hajui, akamwuliza anaonaje. Msichana hakujibu.

Siku ya pili darasa liliagizwa kuchora ramani ya chumba kwa vipimo. Ramani ya msichana huyo ilikuwa na mita zake zote, lakini nje ya mlango alikuwa amechora watu wamesimama kwa mstari, kila mmoja ameshika chungu. Hakuna aliyemwagiza kuchora watu. Mwalimu hakumkata alama. Aliibandika ukutani kando ya jedwali la uzito wa mawe.