Hita ya Tanki au Hita Isiyo na Tanki? Hesabu ya Joto katika Maji ya Kuoga

Katika miji ya nyanda za juu kama Mbeya, Njombe na Iringa, maji ya bomba alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai humfanya mtu asite hata kunawa uso. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi zenye umeme huwa na hita ya tanki, iliyofungwa juu ukutani au darini. Siku hizi madukani kuna pia hita ndogo zisizo na tanki, ambazo hupasha maji papo kwa papo yanapopita kuelekea bombani. Wauzaji husema kwamba hita hizi hutumia umeme kidogo. Dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenye masharti, na fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari yatosha kuyaonyesha.

Ichukuliwe nyumba ya mwalimu mmoja mjini Mbeya, mwenye mke na watoto watatu. Tanki lake la lita 50 limeoza na linavuja. Hana budi kununua hita nyingine, na fedha aliyo nayo haitoshi kukosea mara mbili.

Jambo la kwanza ni kujua familia hiyo yahitaji joto kiasi gani. Kupandisha halijoto ya kilo 1 ya maji, yaani lita 1, kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitaji kilojuli 4.2. (Jina la kizio hiki latokana na James Prescott Joule wa Uingereza, ambaye katika miaka ya 1840 alipima jinsi maji yanavyopata joto kwa kukorogwa tu na makasia yaliyozungushwa na mawe ya mizani yanayoshuka. Kazi ilikuwa kubwa, na ongezeko la joto lilikuwa dogo mno. Mwanafunzi anayelalamika juu ya maabara yake na amkumbuke.) Ikikadiriwa kwamba maji ya bomba yana nyuzi 18, kwamba maji ya kuogea yanatakiwa yawe na nyuzi 40, na kwamba kila mtu hutumia lita 20, basi watu 5 wahitaji lita 100:

100 × 4.2 × (40 − 18) = kilojuli 9,240

Kilowati-saa 1, ambayo ndiyo yuniti inayonunuliwa kwa ajili ya mita, ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo familia yahitaji yuniti 2.57 kwa siku, au takriban 77 kwa siku 30. Kiasi hiki hakibadiliki kwa kubadilisha hita. Maji hayajui yamepashiwa wapi, na koili ya umeme iliyozama majini hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, iwe ndani ya tanki au ndani ya kopo dogo la hita ya papo kwa papo.

Tofauti iko katika joto linalopotea wakati maji yanangoja. Tuseme tanki la lita 50 lilipashwa hadi nyuzi 60, likazimwa usiku, na baada ya saa 10 maji yakakutwa na nyuzi 50. Joto lililopotea ni 50 × 4.2 × 10 = kilojuli 2,100, yaani yuniti 0.58. Tanki hilo likiachwa likiwaka usiku na mchana, themostati itakuwa ikirudisha joto hilo kila mara, na hasara haitapungua yuniti 1.4 kwa siku, au 42 kwa siku 30. Hapo muuzaji amesema kweli: zaidi ya theluthi ya umeme wote wa maji moto hupashia hewa ya darini.

Lakini si lazima tanki liwake mchana kutwa. Koili ya wati 1,500 hupasha lita 50 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kwa muda wa dakika 98. Mwalimu akiliwasha saa kumi alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini maji yatakuwa tayari, na yakichanganywa na maji baridi yatatoa kiasi cha lita 95 za nyuzi 40, ambazo zakaribia kabisa mahitaji ya familia. Wakioga wote asubuhi na tanki likazimwa, hasara inakuwa ndogo, na ule uokoaji uliosifiwa dukani hubaki mabaki tu. Swichi yenye saa, inayojiwasha na kujizima, yaweza kuifanya kazi hiyo bila mtu kuamka.

Sasa iangaliwe hita isiyo na tanki. Nyingi za aina ya kichwa cha bafuni zina nguvu ya wati 5,500 hivi, kwa sababu joto ambalo tanki hulikusanya kwa saa moja na nusu, hizi hutakiwa kulitoa kwa dakika chache. Kila lita ya maji ya Mbeya yahitaji kilojuli 92.4. Kwa kilowati 5.5, hita hutoa lita 3.6 tu kwa dakika. Dar es Salaam, ambako maji yakiwa na nyuzi 28 huhitaji ongezeko la nyuzi 12 tu, hita hiyohiyo hutoa lita 6.5 kwa dakika. Ndiyo maana chombo kimoja husifiwa pwani na kulaumiwa bara, na wasemaji wote wawili wana haki.

Jambo zito zaidi limo katika nyaya. Wati 5,500 kwa volti 230 ni ampea 24, ilhali plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Hita hii haichomekwi kwenye soketi. Yahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la swichi kuu. Mafundi wengine huiunga kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5. Kwa umbali wa meta 20, kwenda na kurudi, waya huo wa shaba una ukinzani wa omu 0.46. Kwa kanuni ya mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, waya wenyewe hutoa joto la wati 264, ndani ya ukuta au juu ya mbao za dari. Waya wa milimita za mraba 6 ungetoa wati 66 tu. Bei ya waya huo, kikata umeme chake na ufundi wake ni sehemu ya bei ya hita, ingawa haiandikwi dukani.

Tena volti 230 si jambo la kuaminiwa saa zote. Nguvu ya koili hufuata kipeo cha pili cha volti. Volti zikishuka hadi 190, wati 5,500 huwa kama 3,750, na maji yaliyokuwa yakitoka na nyuzi 40 hutoka na 33. Tanki nalo huathirika, ila huchukua muda mrefu zaidi tu, na umeme ukikatika kabisa maji yake hubaki na joto.

Yapo mambo mawili ya usalama. Katika hita nyingi za kichwa cha bafuni koili iko wazi na hugusana na maji. Maji ya chumvi, kama ya visima vingi vya pwani, hupitisha umeme vizuri zaidi, na hapo hutakiwa hita yenye koili iliyofunikwa. Waya wa ardhi ni wa lazima kila mahali. Upande wa tanki, themostati isishushwe hadi nyuzi 40 kwa nia ya kubana matumizi: bakteria wa Legionella, waliogunduliwa baada ya maradhi yaliyozuka Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, hustawi katika maji ya vuguvugu. Nyuzi 60 huwaua.

Kwa mpangaji mmoja wa Dar es Salaam, anayeoga saa zisizotabirika katika nyumba yenye nyaya mpya, hita isiyo na tanki yafaa. Mwalimu wa Mbeya, mwenye nyumba ya nyaya kuukuu na watu watano wanaotoka asubuhi moja, angefanya vema kununua tanki jingine lenye gamba nene la kuzuia joto, na swichi yenye saa. Kama bado anaivutiwa ile nyingine, basi kabla ya kulipa apime kwa kipimajoto maji ya bomba lake, kisha amwombe fundi apime volti. Zipimwe saa kumi na mbili asubuhi, majirani nao wakiwa wanapasha maji yao, si saa nane mchana.