Seli nyeupe ya damu hutembeaje?

Swali: Seli nyeupe ya damu haina misuli wala miguu. Humfukuzaje bakteria?

Jibu: Hujisukuma kwa nyuzi za protini ya aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi. Ikihisi kemikali za bakteria, protini ya Rac huamsha protini ya WAVE, nayo WAVE huamsha kundi la protini la Arp2/3. Kundi hilo huchipusha tawi jipya ubavuni mwa uzi wa zamani, kwa pembe ya digrii 70 hivi. Matawi yakirefuka, utando husukumwa mbele. Protini nyingine huziba ncha zisirefuke ovyo. Protini ya kofilini hukata nyuzi kuukuu, nayo profilini huandaa vipande vya aktini vitumike tena. Udhibiti huu ni uhai: mtoto aliyezaliwa na kasoro ya WASP, jamaa ya WAVE, huandamwa na maambukizi.