Redio Chini ya Kitanda



Shida za ndoa tunazozizungumza mara nyingi ni pombe, fedha na wakwe. Leo tutazame shida ndogo kuliko hizo. Hakuna anayeipeleka kwa padre wala kwa wazee wa jumuiya, lakini hula amani ya nyumba polepole kama mchwa. Ni kazi za mikono ambazo mume huzianza nyumbani asizimalize.

Tumfikirie mume ambaye si mgeni katika mitaa yetu ya Eastlands. Halewi wala halali nje. Akipata nafasi Jumamosi hupitia Luthuli Avenue au Gikomba, na jioni hurudi na mfuko. Ndani mna redio kuukuu, bodi ya televisheni, au kompyuta iliyotolewa na ofisi fulani. Anavipenda vyombo hivi kwa moyo wote. Siku moja atajenga mtambo wa redio wa kuzungumza na watu wa nchi za mbali. Siku nyingine ataziunganisha kompyuta tatu kuukuu ziwe maabara yake ya kujifunzia. Miaka inapita. Chini ya kitanda pamejaa, juu ya kabati pamejaa, na nyuma ya kochi hapafagiliki. Mke akiuliza, jibu ni lile lile: "Mama watoto, hiyo nitaimaliza."

1. Kazi hii si upuuzi

Mke mpendwa, tuanze kwa kumtendea haki mumeo. Redio ina historia ya heshima hata katika Kanisa. Mwitalia Guglielmo Marconi, mmoja wa mabingwa wa kwanza wa redio, ndiye aliyeijenga Redio Vatikani, iliyofunguliwa na Papa Pius XI mwaka 1931. Mtakatifu Maximilian Kolbe, padre Mfransisko wa Polandi, alianzisha kituo cha redio katika monasteri yake mwaka 1938, na wapenzi wa redio Wakatoliki humheshimu kama msimamizi wao. Ndiye aliyekufa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1941, akijitoa badala ya mfungwa mwenye mke na watoto.

Hapa Kenya pia wapo wanaozungumza hewani kwa kujifunza na kujifurahisha. Hupata leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kila mmoja hupewa alama yake ya wito, inayoanza na 5Z. Tena mtoto anayemwona baba yake akifungua redio na kuirudisha ikiwa nzima huonja fizikia kabla ya kuikuta darasani. Basi usiviite vitu vya mumeo takataka mbele ya watoto au wageni. Neno hilo humchoma kuliko unavyodhani.

2. Kwa nini hazimaliziki

Kuanza ni kutamu, maana mwanzoni kazi yote iko akilini na haina kasoro. Ugumu huja baadaye. Kipuri kimoja hakipatikani, au bei yake ni sawa na unga wa mwezi. Nafasi nayo ni tatizo. Erio ya kawaida ya mawimbi ya mita 40 huhitaji waya wa karibu mita 20, uliotandazwa juu. Utautandaza wapi katika nyumba ndogo ya Kaloleni, au katika ghorofa ya Umoja ambako paa ni la mwenye nyumba na kamba za nguo ni za wapangaji wote?

Kazi nyingine hupitwa na wakati zikiwa mezani. Kenya ilizima mitambo ya televisheni ya mfumo wa zamani mwaka 2015. Televisheni kuukuu iliyokuwa ikingoja kipuri tangu kabla ya hapo, hata ikipona leo, haitanasa stesheni bila king'amuzi. Hata hivyo bado imekaa juu ya kabati.

Kwa nini mwenyewe asiitoe? Kwa sababu kila chombo ni ahadi ambayo alijiwekea. Kukitoa nje ni kukubali kwamba hakitakamilika, na hilo huuma. Ni rahisi zaidi kuleta kingine na kuanza upya. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Je, mshika kumi na tano?

3. Mke husikia nini

Mume mpendwa, usidhani mkeo anaichukia redio. Vumbi analiona, lakini si vumbi linalomliza. Linalomliza ni neno "nitaimaliza" likirudiwa mwaka baada ya mwaka. Soketi ya jikoni uliahidi vivyo hivyo. Mlango wa choo uliahidi. Kuwatembeza watoto Jumapili uliahidi. Polepole neno lako linapungua uzito. Siku utakapoahidi jambo kubwa, la karo au la matibabu, atakuitikia kwa mdomo huku moyoni akitafuta njia nyingine bila wewe.

Hapo ndipo penye hatari. Ndoa yenu ilianza kwa neno. Mlisimama mbele ya altare, kila mmoja akatoa neno lake, na mwenzake akalipokea. Nyumba ambamo neno la mume halihesabiwi tena imekwisha pata ufa, hata kama majirani hawasikii kelele.

4. Usalama wa watoto

Lipo jambo lisilongoja. Televisheni za zamani zenye kioo kizito huweza kubaki na nguvu kali ya stima hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ikiwa imefunguliwa, isikae mahali mtoto anapofika. Lehemu nyingi za mafundi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Basi usilehemu kwenye meza ya kulia chakula, na unawe mikono kabla ya kumbeba mtoto. Betri ya simu au ya kompyuta iliyovimba huweza kushika moto. Isilale chini ya kitanda hata usiku mmoja.

Pigeni pia hesabu ya stima. Kompyuta moja inayokula wati 100 usiku na mchana humaliza uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa siku 30. Kompyuta tatu za namna hiyo humaliza uniti 216. Mke anayenunua tokeni ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla, si baada ya taa kuzimika.

5. Kaeni, mhesabu

Katika Injili ya Luka 14:28-30, Bwana anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Huyo hukaa kwanza akapiga hesabu, asije akaweka msingi tu na kuchekwa na wapitao. Fanyeni hivyo wote wawili, jioni moja watoto wakiwa wamelala. Chukueni daftari, mkaandike kila chombo: ni cha nani, kimekosa nini, kitagharimu kiasi gani. Kisha mfuate hatua hizi.

Kwanza, vitu vya watu. Redio ya jirani irudi kwa mwenyewe, imepona au haikupona. Kukaa na mali ya mtu miaka miwili si ufundi.

Pili, gawanyeni vilivyobaki mafungu matatu: vya kumaliza, vya kuuza au kugawa, na vilivyokufa. Kinachofaa kiuzwe kwa fundi, au kipewe kijana anayejifunza ufundi. Vilivyokufa visitupwe ovyo wala waya zisichomwe, maana vikifika jaa la Dandora kuna binadamu mwenzetu anayevichambua kwa mikono. Hapa Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea vyombo vya stima visivyofaa tena.

Tatu, wekeni kipimo. Kwa mfano, rafu moja na kazi mbili tu kwa wakati mmoja. Cha tatu kisiingie mlangoni mpaka kimoja kiwe kimekwisha.

Nne, mume aache kusema "nitaimaliza" bila kutaja siku. Akitaja siku, mke naye ampe jioni hiyo kwa utulivu, asimtafutie kazi nyingine.

Mke asitupe kitu mume akiwa kazini. Atapata nafasi chini ya kitanda, lakini atakuwa amevunja imani ambayo ni ngumu kuitengeneza kuliko redio yoyote. Fungu la vilivyokufa lichaguliwe na mume mwenyewe, mke akiwa kando yake bila kucheka. Na siku ile chombo cha kwanza kitakapotoa sauti, mke awe wa kwanza kuitwa asikie.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni ahadi gani ndogo nimeirudia kwa mwenzangu bila kuitimiza?
2. Je, naijua furaha anayoipata mwenzangu katika kazi anayoipenda? Nimewahi kumwuliza?
3. Ni kitu gani kimoja tutakachokimaliza kabla ya mwisho wa mwezi huu, na ni kipi tutakachokubali pamoja kukiacha?