Chakula Kilichopitwa na Tarehe

Je, yafaa kula chakula kilichopitwa na tarehe yake? Jibu linategemea tarehe hiyo ni ya nini. Ipo tarehe ya ubora: biskuti zikiipita hupungua ladha, wala si lazima zidhuru. Na ipo tarehe ya usalama, kama ya nyama na maziwa mabichi. Hiyo usiivuke hata ukiona harufu ni njema, maana vijidudu vingine havinuki.

Lakini mkulima wa Busawe, wilayani Serengeti, hula zaidi mahindi ya kihenge chake, yasiyoandikwa tarehe yo yote. Hayo huharibiwa na unyevu. Nafaka isiyokauka vema huota kuvu, na kuvu huweza kuzaa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 ikaua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Basi anika mahindi yako juu ya turubai, si juu ya udongo, na yaliyoota kuvu yatupe, usiwape hata kuku. Hasara ya debe moja hulipika msimu ujao, uhai haulipiki.