Dondoo muhimu: Soko la mtandaoni ndani ya darasa

Huhitaji intaneti kuanza. Pasipo simu, bango la manila ukutani ndilo duka, na vikaratasi vya kubandika ndivyo jumbe za wateja. Gawa darasa: wauzaji, wateja, bodaboda, na wakala mmoja mwenye daftari la salio la kila mtu. Pesa ziwe za kuigiza.

Tangazo lionyeshe kila kitu: “Kikapu cha ukili, upana sm 30, sh 12,000. Kuletewa Mbagala sh 3,000, analipa mteja.” Ile tabia ya “bei njoo inbox” ipigwe marufuku, inafukuza wateja kuliko bei yenyewe.

Sasa tia fitina kidogo. Mnong’oneze mteja mmoja aandike ujumbe bandia: “Umepokea sh 15,000.” Muuzaji atakayetoa mzigo kabla ya kuhakikisha salio kwa wakala amepata hasara, na iandikwe hivyo daftarini. Usimhurumie. Mteja mwingine arudishe kikapu akidai rangi si ile ya pichani. Usiwahi kuamua, waache wabishane, wakubaliane nani analipia boda ya kurudisha.

Hesabu ndipo wengi hukwama, hata watu wazima. Kikapu kilichonunuliwa sh 8,000 na kuuzwa sh 12,000 hakijaleta faida ya sh 4,000. Toa bando sh 1,000 na mfuko sh 500, zinabaki 2,500.

Mkihamia kwenye WhatsApp, tumieni simu ya shule. Namba za wazazi zisionekane kwenye tangazo lolote.