Shingo Isiyovuja Damu Si Lazima Iwe Salama: Somo Kuhusu Majeraha ya Mishipa ya Damu

Shingo ni sehemu nyembamba ya mwili iliyobeba mambo mazito. Ndani yake hupita njia ya hewa, umio, uti wa mgongo na mishipa ya damu inayoulisha ubongo. Kwa hiyo ajali ya pikipiki, pigo la panga, chupa iliyovunjika, pembe ya ng'ombe au mtandio ulionaswa na gurudumu huweza kumwacha mtu na jeraha linaloonekana dogo kwa nje, ilhali kwa ndani ni kubwa. Somo hili linaeleza namna majeraha hayo yanavyotambuliwa na kutibiwa, pamoja na wajibu wa kila ngazi ya huduma, kuanzia jamaa aliye karibu hadi hospitali ya rufaa.

Njia za damu shingoni

Damu hupanda kwenye ubongo kwa ateri kuu nne. Mbili, ziitwazo karotidi, hupita mbele, moja kila upande. Ndizo zinazohisiwa zikidunda mtu anapogusa kando ya zoloto. Mbili nyingine, ziitwazo vetebra, hupanda nyuma zikipenya matundu ya pingili za shingo. Damu hurudi moyoni kwa vena, zikiwamo jugulari. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo mtu akiwa amepumzika. Njia hiyo ikikatika au kuziba, sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa baada ya dakika chache.

Majeraha ya aina mbili

Aina ya kwanza ni jeraha la kupenya, kama la kisu au risasi. Hili huonekana, na aghalabu hutisha. Aina ya pili ni jeraha butu: shingo hupigwa, hukabwa au hupindwa kwa nguvu pasipo ngozi kuchanika. Hapo utando wa ndani wa ateri huweza kupasuka. Damu hujipenyeza kati ya tabaka za mshipa, au huganda juu ya mpasuko. Kisha bonge hung'oka, huchukuliwa na mkondo na kuziba mshipa wa ubongo. Matokeo yake ni kiharusi.

Hatari ya aina hii ya pili ni kwamba huja kimyakimya. Kiharusi huweza kutokea saa kadhaa au hata siku kadhaa baada ya ajali, wakati majeruhi amekwisha kurudi nyumbani na kuhesabiwa kuwa mzima. Muda huo wa ukimya ndio nafasi ya kumwokoa, kwa kuwa dawa hufaa zaidi kabla ubongo haujadhurika. Vivyo hivyo kwa mtu aliyekabwa koo katika ugomvi wa nyumbani: asipokuwa na alama yoyote shingoni, bado anastahili kupimwa.

Huduma ya kwanza

Damu ikitoka, kitambaa safi kikandamizwe kwa mkono juu ya jeraha lenyewe, pasipo kuachia kila mara ili kutazama. Kitambaa kisizungushwe na kufungwa shingoni, kwani huziba pumzi na kuzuia damu ya ubongo. Kisu au kipande cha mti kilichozama kisichomolewe, maana huenda ndicho kinachoziba mshipa. Jeraha lililo wazi lifunikwe upesi, kwa sababu vena iliyokatika huweza kuvuta hewa ambayo itaelekea moyoni.

Majeruhi alazwe chali, isipokuwa kama anapumua vizuri zaidi akiwa ameketi. Aliyeanguka au kugongwa ashikiliwe kichwa kisitikisike, na asibebwe kwa pikipiki iwapo kuna gari. Asipewe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji upasuaji. Fomu ya polisi, PF3, ina umuhimu wake kisheria. Hata hivyo, damu haisubiri fomu. Matibabu ya kuokoa uhai yatangulie na taratibu zifuate.

Wajibu wa zahanati na kituo cha afya

Mtoa huduma huanza na njia ya hewa, kwa maana uvimbe unaokua shingoni huweza kuifunga ghafla. Mgonjwa huwekewa oksijeni, na sindano ya maji hutiwa kwenye mkono wa upande usiojeruhiwa. Jeraha halichokonolewi kwa kidole wala kifaa ili kujua kina chake, kwani bonge lililozuia damu huweza kung'oka.

Mkandamizo wa mkono ukishindwa, mtoa huduma aliyefunzwa huweza kuingiza mpira wa mkojo wa aina ya Foley ndani ya jeraha na kujaza puto lake maji hadi damu ikome. Njia hiyo humfikisha mgonjwa kwenye upasuaji akiwa hai.

Ipo pia dawa ya asidi ya traneksamiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya majeruhi wanaotoka damu nyingi. Sharti itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia; baada ya hapo huweza kudhuru.

Uchunguzi na matibabu

Dalili za hakika za mshipa kukatika ni damu inayoruka kwa mapigo, uvimbe unaokua, mvumo unaosikika juu ya mshipa, mapigo kupotea, shinikizo la damu kushuka, au upande mmoja wa mwili kulegea. Mwenye damu isiyozuilika au uvimbe unaokua hupelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Aliye imara hufanyiwa kipimo cha CT-Scan chenye dawa ya kuonyesha mishipa, ambacho hupatikana katika hospitali za rufaa. Ultrasaundi husaidia, lakini haioni vyema sehemu iliyo nyuma ya mtulinga wala iliyo chini ya fuvu.

Kipimo hicho hutafutwa pia kwa majeruhi asiyevuja damu, iwapo amevunjika pingili za shingo, taya au sehemu ya chini ya fuvu, amekabwa au kujinyonga, au ana udhaifu wa mwili ambao picha ya ubongo haiuelezi.

Matibabu hutegemea jeraha. Karotidi iliyokatika hushonwa au huwekewa kiraka cha vena kutoka mguuni. Kuifunga kabisa huwa hatua ya mwisho, kwani huweza kuleta kiharusi. Vena ya jugulari ya upande mmoja huweza kufungwa bila madhara makubwa. Mshipa uliochanika kwa ndani hutibiwa mara nyingi kwa aspirini au heparini, mradi hakuna damu inayovuja kwingineko, hasa kichwani. Kipimo hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10, na dawa huendelea kwa miezi kadhaa. Mgonjwa asiache dawa kwa kuwa tu anajisikia vizuri.

Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani

Familia ya mtu aliyeumia shingo inapaswa kumwangalia kwa karibu. Akipinda uso, akilegea mkono au mguu, akisema kwa ulimi mzito, akiwa na kizunguzungu kikali, akishukwa na kope la jicho moja, au akipata maumivu mapya ya shingo na kichwa, arudishwe hospitalini saa ileile. Aidha, mhudumu aelezwe waziwazi kwamba mgonjwa aliumia shingo siku zilizopita. Pasipo maelezo hayo, kiharusi cha kijana huweza kutafutiwa sababu nyingine, na muda wa kumwokoa ukapita.